Kozi ya Kiingereza nusu darasani nusu mtandaoni, wanafunzi wanaionaje?

Mkuu umeuliza kama wanafunzi kweli wanaipenda hii ya kusoma Kiingereza chuo nusu darasani nusu mtandaoni au ni wakufunzi tu ndo wanaipigia debe. Mimi nimeipitia semesta mbili, inategemea unaongelea kitu gani. Kusikiliza na sarufi mtandaoni ni raha aisee, odio unairudisha hata mara kumi hakuna wa kukucheka, zoezi unafanya saa sita usiku na majibu unayaona hapo hapo. Wale waoga ndo kabisaaa, kwenye Moodle (ule mfumo wa masomo ya mtandaoni) wanaandika aya nzima wakati darasani hata kunyoosha mkono hawathubutu. Ila kuongea sasa... unarekodi sauti mara nane unatuma ile nzuri, siku ya mtihani wa ana kwa ana maneno yanagoma. Na insha nilitaka mtu anioneshe sentensi ilipoharibika, sio programu inipigie mstari mwekundu basi.

Kuna ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya 2010 watu wanaipenda sana, kwamba waliochanganya walifanya vizuri kuliko wa darasani tu, ni kweli, lakini yenyewe inasema hao mara nyingi walipata muda na vifaa vya ziada, hapo wanaparuka. Lalamiko kubwa la wenzangu wala sio intaneti kukata, ni kazi mara mbili, mwalimu anaweka video halafu darasani anarudia kilekile, sasa nani ataiangalia?