Maswali yenu ya GMO, kuanzia kuku wa kisasa mpaka mahindi ya ghalani

Tangu watu waanze kutafuta mbegu za msimu huu meseji zangu zimejaa neno moja tu, GMO, yaani mmea au mnyama aliyebadilishwa jeni maabara. Nyingi zinajirudia kwahiyo nimechukua chache, ambaye hajaona lake asome la mwenzake, jibu lake limo humo humo.

*Niko Kimara, nina watoto watatu. Hivi kuku wa kisasa na mayai yao ni GMO? Maana wiki tano tu kuku ameshafika sokoni.*

Hapana mama. Hili swali linarudi kila mwezi na kila mwezi najibu vilevile, naomba safari hii mlishike. Kuku wa nyama anakua haraka kwasababu kwa miongo mingi wafugaji wamekuwa wakichagua majogoo na mitetea wanaokua haraka na kuwapandisha wao kwa wao, alafu wanalishwa chakula chenye protini nyingi. Hakuna aliyechezea jeni zake maabara. Ukitaka kumbana muuza kuku wako muulize mara ya mwisho kuwapa dawa ilikuwa lini. Dawa nyingi za kuku zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mayai, zimeandikwa kwenye paketi, na wapo wanaowapa antibayotiki jumatatu na jumatano kuku yuko kwenye kikaango. Hiyo ndo ingetakiwa ikunyime usingizi.

*Na tikiti lisilo na mbegu?*

Sio GMO. Ni chotara asiyezaa, kama baghala wa punda na farasi.

*Niko Mbozi. Bwana shamba wetu anasema tupande mbegu chotara, baba anakataa, anasema hizo ndo GMO zenyewe kwasababu ukizirudia mwaka wa pili hazizai. Nani mkweli?*

Baba yako anachosema kuhusu shamba ni kweli kabisa, alichokosea ni jina. Chotara inatengenezwa shambani, wanapanda mistari miwili ya mahindi tofauti jirani, mstari mmoja wanaukata mbelewele zote kabla hazijamwaga chavua, kwahiyo hauna budi kupokea chavua ya jirani yake. Punje zinazotoka pale ndo unazouziwa, na zinazaa kwa nguvu mwaka ule. Ukichukua punje za shamba lako ukarudia, watoto wanatawanyika, huyu mrefu, huyu kibushuti, huyu gunzi limejaa nusu. Hakuna aliyeifunga mbegu isizae. Ile habari ya mbegu inayojiua yenyewe mnayotumiana kila msimu ilikuwa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, iliyotolewa Marekani mwaka 1998, kelele zikawa kubwa dunia nzima, kampuni ya mbegu ya Monsanto wakaahidi mwaka 1999 hawataiingiza sokoni, na haijawahi kuuzwa kwa mkulima yeyote.

GMO ni kitu kingine. Hapo jeni inahamishwa maabara, mara nyingi kutoka kiumbe kingine kabisa. Mahindi ya Bt kwa mfano yamewekewa jeni ya bakteria wa udongoni anaitwa Bacillus thuringiensis, mmea unatengeneza protini inayotoboa utumbo wa kiwavi akila jani. Hapa Tanzania hakuna mbegu ya aina hiyo iliyoruhusiwa kuuzwa dukani. Majaribio ya mahindi yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, Novemba 2018 serikali ikaamuru yasimame na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati ule, Profesa Mkenda, akafuta kabisa. Kwahiyo mbegu chotara uliyouziwa Mbozi sio GMO, mwambie mzee kwa heshima.

Ila na wewe msikilize. Kama hela ya kununua mbegu kila mwaka haipo, kuna mbegu za kurudia kama Staha, Situka na TMV-1, unachagua magunzi mazuri katikati ya shamba, sio pembeni ambako chavua ya jirani imeingia, unakaa nazo misimu miwili mitatu. Na iwe chotara iwe ya kurudia, ijaribu kwanza. Mwaka juzi nilinunua paketi ya kilo mbili kwenye duka la pembejeo, paketi safi, punje zina rangi nzuri, nikahesabu punje mia nikazikunja kwenye kitambaa kibichi. Siku ya saba nikakikunjua, zilizoota thelathini na moja. Ningepanda bila kujaribu, ekari yangu ingekuwa na mapengo na ningeishia kulaumu mvua. Lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ikwangue uihakiki kwa simu kabla hujatoka dukani, muuzaji akikasirika ondoka.

*Niko Tarakea mpakani. Wakenya wameruhusu GMO, mahindi yao yanaingia huku, tunalishwa bila kujua. Serikali inafanya nini?*

Kwanza tuweke sawa mwelekeo wa malori. Miaka mingi mahindi ndo yanatoka huku kwenda Kenya, sio kinyume chake. Na Kenya yenyewe mambo hayajatulia. Walipiga marufuku kuingiza GMO Novemba 2012 wakati wa Kibaki, baraza la mawaziri la Ruto likaondoa marufuku tarehe 3 Oktoba 2022 ukame ukiwa umebana, watu wakakimbilia mahakamani, Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupa kesi, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uingizaji na upandaji mpaka rufaa isikilizwe. Wanachopanda kihalali tangu 2020 ni pamba ya Bt, na pamba huli ugali wake.

Ukitaka kujua mahindi ya GMO yako wapi Afrika angalia kusini. Afrika Kusini wamepanda tangu mwisho wa miaka ya tisini, mahindi meupe ya sembe yakafuata mwaka 2001, na leo zaidi ya asilimia 80 ya mahindi yao ni GMO. Ukinunua bidhaa ya mahindi iliyotoka kule soma lebo.

Lakini wewe wa Tarakea unasahau jambo moja lililotokea mlangoni kwako. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yakapanga foleni Namanga, wafanyabiashara wakalia. Sababu ilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Sisi tunaogopa cha kwao kisichopo, wao wamekataa chetu kwa kitu ambacho kipo na kinapimika. Kwanini hakuna hata mmoja wenu aliyeniandikia kuhusu sumukuvu mwezi huu? Nimehesabu, meseji za GMO hamsini na kitu, sumukuvu sifuri.

*Mimi ni mwalimu Dodoma. Ule mchele wa Marekani wa mashuleni ulikuwa GMO?*

Hapana mwalimu, uliongezwa virutubishi, yaani vitamini na madini, kama tunavyoweka madini joto kwenye chumvi. Gumzo lile la Machi 2024 lilichanganya mambo mawili. Swali la maana aliuliza waziri wa kilimo wa wakati ule, Bashe, kwanini mchele usinunuliwe kwa wakulima wetu ukaongezewa virutubishi hapahapa, na mimi naliunga mkono mpaka leo.

*Mwanafunzi, Arusha. Niliona picha za panya wenye uvimbe mkubwa baada ya kula mahindi ya GMO. Hiyo si ushahidi tosha?*

Picha hizo zinatoka kwenye utafiti wa Séralini wa Ufaransa, Septemba 2012, ndo huohuo uliowatisha mawaziri wa Kenya wakapiga marufuku miezi miwili baadae. Panya waliotumika ni wa ukoo unaoota uvimbe wenyewe wakizeeka, hata usipowapa kitu, na kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa kila jinsia, kwa miaka miwili. Kwa idadi hiyo huwezi kujua uvimbe umeletwa na chakula au na uzee. Jarida lenyewe liliuondoa Novemba 2013, baadae ukachapishwa upya kwenye jarida jingine bila kuondoa tatizo hilo la idadi. Kijana wangu ukiwa chuo kaa na tabia ya kuuliza walikuwa wangapi kabla hujaangalia picha.

*Inaonekana umeshalipwa na makampuni. Kwanini unaitetea GMO?*

Sijalipwa na mtu. Na siitetei, nakataa kuogopa kwa sababu ya uongo kwasababu mtu anayeogopa kwa uongo siku akiambiwa ukweli anaacha kuogopa kabisa, hata pale alipotakiwa kuogopa. Yangu mimi ya kuogopa ni haya. Afrika Kusini baada ya miaka michache ya mahindi ya Bt bungua wa mabua alianza kuizoea ile protini, wakulima waliambiwa waache sehemu ya shamba bila Bt ili wadudu wasizoee, wengi hawakuacha. Sasa niambie mkulima wa ekari moja na nusu ataacha sehemu gani. Burkina Faso walipanda pamba ya Bt kuanzia 2008, viwavi wakapungua kweli, lakini nyuzi zikawa fupi, bei sokoni ikashuka, kufikia 2016 wakaiacha. Wadudu walikufa na hela haikuja. Hayo hayamo kwenye zile picha za panya.

Na kubwa kuliko yote ni mbegu ni ya nani. Kenya sheria yao ya mbegu ilifika mahali mkulima aliweza kufungwa miaka miwili au kupigwa faini ya shilingi milioni moja kwa kuuza au kugawana mbegu isiyothibitishwa, wakulima wenyewe wakaenda mahakamani mwaka 2022 kupigania haki ya kugawana mbegu na jirani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Hiyo haikuhitaji GMO hata moja! Ndo maana nasema ukikaa unalinda mlango wa GMO tu, mbegu ya bibi yako inatolewa kupitia dirishani. Mimi nataka utafiti ufanywe na watu wetu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kwa udongo wetu, matokeo yawekwe wazi hata yakiwa mabaya, chakula kiwekewe lebo, na mkulima asinyang'anywe haki ya kuhifadhi mbegu yake. Mkiona hiyo ni kulipwa basi.

Alafu wale mnaosema GMO italeta dawa za magugu, dawa zimeshakuja bila GMO. Glaifoseti inapuliziwa kila kijiji ninachopita, mtu kavaa ndala, hana glavu, pampu inavuja mgongoni na mtoto anamletea maji ya kunywa kwenye dumu lililokuwa na dawa. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Dumu hilo litobolewe leo.

*Nina shamba la mihogo Mkuranga. Kuna mihogo ya GMO inayozuia ugonjwa wa michirizi kahawia?*

Ipo, Kenya waliiidhinisha kwa hatua ya kupandwa nje mwaka 2021, huku haijaruhusiwa. Nakuelewa kwanini unauliza. Nimekaa jikoni na mama mmoja huko huko Mkuranga, majani yake shambani yalikuwa mazuri tu, akachota mihogo saba akaanza kumenya, anakata katikati unaona madoa ya kahawia makavu kama kizibo cha chupa, anatupa, anakata mwingine, anatupa, iliyoingia sufuriani ilikuwa mitatu. Kwa sasa tafuta pingili safi za aina zinazovumilia kutoka TARI Kibaha, na usichukue pingili kwa jirani kwa kuangalia majani peke yake, mwambie ang'oe shina moja ulikate.

*Nikiloweka mahindi na kuyachemsha sana, GMO inatoka?*

Haitoki, na haina haja ya kutoka. Ila umeniletea mlango niliokuwa nautafuta, kwasababu kuchemsha hakutoi sumukuvu pia, na hiyo inaua. Mwaka 2004 Ukambani Kenya walikufa watu 125. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara, waliougua 68 na waliokufa 20, watu waliokula ugali wa mahindi ya nyumbani kwao. Na wasioanguka siku hiyo inawaharibu ini polepole.

Kwahiyo fanya hivi jioni ya leo. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia chumvi kavu kijiko kikubwa kimoja, jaza mahindi yako mpaka robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu alafu iache itulie. Chumvi ikibaki imeganda kwenye kioo mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani juu ya turubai, usiyaanike chini kwenye udongo. Chumvi ikidondoka yote chini, yapepete, toa punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, usimpe kuku wala usizipeleke kwenye pombe, kisha yaweke kwenye mifuko ya Kinga Njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, funga ile ya ndani moja moja kwa kamba. Ukishafanya niandikie chumvi yako ilifanyaje, hizo ndo meseji ninazozisubiri wiki ijayo.