Kwa mnaoanza kazi chumba cha kunakili

Juzi nimemkuta kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo amemaliza kuskani juzuu zima la magazeti kwa asubuhi moja. Nikamuuliza amehakiki kurasa ngapi. Akanijibu, "Mzee, mashine haikosei." Nimelala na neno hilo usiku mzima.

1. Mjue mnamfanyia nani kazi. Mkemia Mmarekani Atherton Seidell alitoa kitabu chake cha umumunyifu wa kemikali mwaka 1907. Kitabu cha namna ile hakiandikwi bila kupekua majarida mengi mno, kwa hiyo adha ya makala iliyo mbali aliijua vizuri. Ndiyo maana akaipigania mikrofilamu: jarida libaki rafuni, makala ipigwe picha ndogo mno kwenye filamu, mkanda mdogo umfuate msomaji aliko. Alikuwa miongoni mwa walioisukuma Bibliofilm, huduma ya kuwapelekea wasomaji makala kwa mikrofilamu, iliyoanza 1934 kwenye maktaba ya Wizara ya Kilimo mjini Washington. Alihangaikia hata kifaa cha kusomea cha bei nafuu, kwa sababu filamu bila kifaa ni utepe mweusi tu. Msomaji wake hawezi kuja kuchungulia jarida lenyewe. Anachokipata ni kile ulichokipiga wewe.

2. Hesabuni kurasa, kabla na baada. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa magazeti ya zamani yaliyolika kingo, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Jioni, macho yamechoka na mwanga wa taa, kidole kikafunua karatasi mbili kwa pamoja. Sikuhisi. Mkanda uliposafishwa niliukagua mwanzo na mwisho, nikatia saini fomu ya uhakiki. Kwa saini ile, magazeti yakateketezwa.

Miaka sita baadaye akaja mama mmoja, kasafiri na basi usiku kucha, anatafuta tangazo la kifo cha babu yake. Tarehe anayo, namba ya ukurasa anayo: wa 6. Nikazungusha mkono wa mashine. Ukurasa wa 5, kisha wa 8. Nikarudisha nyuma, nikazungusha taratibu. Wa 5, wa 8. Akaniuliza, "Labda upo kwenye mkanda mwingine, baba?" Nilijua haupo. Ilinibidi nimwoneshe saini kwenye boksi, nimwambie ni yangu. Hakunigombeza. Alikunja kikaratasi chake cha tarehe, akakirudisha kwenye pochi. Mpaka leo nikisikia karatasi zinabanduka, mkono unasimama wenyewe.

3. Boksi likinuka siki, mkanda umeanza kuoza: utengeni na mingine siku hiyohiyo.

4. Faili lipeni jina la gazeti na tarehe. "Scan001" haimsaidii mtu.

Na wewe kijana wangu, sijakasirika. Mkono wako ni mwepesi na kazi unaipenda, naona. Juzuu lile bado lipo mezani, sijaruhusu lifungwe. Kesho saa mbili njoo na penseli, tuanze ukurasa wa kwanza.