Weka Nakala Pemba

Vijana mlioingia kazini mwaka huu, nakupendeni, lakini mnanichosha. Juzi nimekuta kompyuta tano zimepangwa kwenye fumbo moja la kufuli la muda, yaani hesabu ndefu inayofunga siri mpaka imalizike, eti liishe upesi mara tano. Haya, tuanze upya.

1. Fumbo hili haligawiki. Wanasayansi wa kompyuta Rivest, Shamir na Wagner walipolieleza mwaka 1996 walikusudia hasa hivyo: unazidisha namba kwa yenyewe, unachukua baki kwa modulo n, yaani kinachosalia ukigawa kwa namba kubwa n, baki hiyo unaizidisha tena kwa yenyewe, mpaka zitimie mara t. Kila hatua inangoja jibu la iliyotangulia, kwa hiyo kompyuta nne kati ya hizo tano zinakula umeme tu. Mwenye vigawo vya n, yaani namba tasa mbili p na q zilizozidishwa kuipata, ndiye mwenye njia ya mkato.

2. Kufuli linapima kazi, kalenda haliijui. Mwaka 1999 Rivest alitunga fumbo akilikisia miaka 35. Bernard Fabrot wa Ubelgiji akalifungua 2019, kwa kompyuta ya kawaida iliyopiga hesabu miaka mitatu na nusu hivi. Msimuahidi mteja tarehe.

3. Hifadhini jibu la kati. Hapa niliungua mimi. Programu yangu iliandika jibu la kati kila saa kwenye diski ya nje, nami nikitamba nayo kwa kila aliyepita. Diski yenyewe ilichomekwa nyuma ya kompyuta ileile, kwenye soketi ileile. Usiku mmoja wa masika ikapiga radi. Asubuhi chumba kinanuka plastiki iliyoungua. Mkubwa wangu akauliza, “Si ulisema una nakala?” Ninayo, bosi. “Iko wapi?” Nikanyoosha kidole. Alicheka, kisha akaacha kucheka, maana mteja alikwishatangaza siku ya kufungua. Nikaanza tena kwenye namba 2, mraba wa kwanza, na simu ya mteja niliambiwa niipige mwenyewe.

Mzee mmoja wa Chake aliposikia akanambia mie sijui hata historia ya kwetu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, kikavunja merikebu za Sayyid Barghash. Walowezi wa Kiarabu waliotia kila kitu kwenye mashamba ya kisiwa kimoja wakabaki na magogo, na madeni ya wakopeshaji wa Kihindi. Mche wa mkarafuu nao una kufuli lake: miaka kadhaa hauchumwi, uwe na watumwa wangapi, na hao watumwa ndio waliochimba mashimo upya. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda, wenye mashamba kule wakachuma, na karafuu ikahamia Pemba mpaka leo. Tangu siku hiyo nakala zangu zinapanda boti.

4. Pigeni hesabu kwa modulo cn, yaani c mara n, c ikiwa namba tasa ndogo, kisha mlinganishe baki ya jibu kwa c na ile mliyoipiga pembeni kwa c peke yake. Kosa la prosesa mtalinasa.

5. Msifute p na q kabla ya kujaribu fumbo lilelile kwa t ndogo. Wala msizibandike ukutani. Nimeziona, chumba cha pili, chini ya feni, na namba ya muuza chipsi pembeni.