Usitume hiyo hela Jumamosi: vidonge vya majira havijagandisha mayai yako

Mleta uzi, hiyo hela usiitume. Unasema ulianza vidonge vya majira ukiwa na miaka 16 kwa sababu ya maumivu makali ya hedhi, ukaenda navyo hadi sasa una 23. Umeviacha wiki 7 zilizopita kwa kuwa mahari imeshapokelewa na ndoa ni Januari. Mchumba wako anapanda kutoka Tunduma kila mwisho wa wiki, kondomu hamtumii, na tangu uache vidonge hujaona siku zako. Sasa muuza dawa mmoja hapo Mwanjelwa, Mbeya, amekwambia vidonge "vimegandisha mayai", kizazi kimejaa uchafu, na dozi ya kusafisha ni shilingi 185,000, umtumie Jumamosi. Umeuliza pia kama mdogo wako wa miaka 17 avitumie. Mimi naanza na hiyo hela, kwa sababu nilishalipa ya namna hiyo na ikanila miaka mitatu.

Pima kabla ya kunywa. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo libaki.

Na cha kwanza kupima ni mimba, kesho asubuhi. Yai hutoka kama wiki mbili kabla ya damu ya hedhi, si baada yake. Kwa hiyo aliyeacha vidonge anaweza kushika mimba kwa yai la kwanza kabisa, hata hedhi moja hajaiona. Wewe una wiki 7 bila kinga na unashangaa hedhi haiji! Nunua kipimo cha mkojo duka lolote la dawa, bei yake ni ndogo sana mbele ya hiyo 185,000. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, chovya hadi kwenye alama tu usiipite, laza mahali tambarare, soma baada ya dakika 5. Ukikiacha nusu saa ndipo ukisome, kinaweza kukuonyesha kivuli cha mstari kisicho na maana. Mstari mmoja, rudia baada ya wiki. Mistari miwili, una mimba, na hakuna unga wala mzizi unaoruhusiwa kuingia mwilini mwako kwa jina la kusafisha. Nyingi ya hizo dawa hakuna anayejua kilichomo, na kuna zinazokaza mfuko wa uzazi. Umeelewa ninachoogopa? Mtu anaweza kulipa 185,000 ili kuharibu kile kile anachokitafuta.

Sasa vidonge. Shika pakiti yako ya zamani uitazame. Ina vidonge 28. Kwenye zile za kawaida za kliniki, 21 vina homoni, mara nyingi mikrogramu 30 za estrojeni na 150 za homoni ya pili iitwayo levonojestreli, na 7 vya rangi ya kahawia ni madini ya chuma tu. Hizo homoni zinauambia ubongo utulie, usitume amri ya kupevusha yai. Zinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite, na ukuta wa kizazi unabaki mwembamba. Damu uliyokuwa unaiona ukifika kwenye vile vya kahawia haikuwa hedhi halisi, ni mwili kukosa homoni kwa siku chache. Ukiacha, homoni zinatoka mwilini ndani ya siku chache, hazilundikani popote. Ubongo unaanza tena kutuma amri. Kwa wengi hedhi inarudi ndani ya miezi 3, na katika tafiti zilizofuatilia wanawake walioacha njia za uzazi wa mpango, zaidi ya 8 kati ya 10 walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Aliyetumia miaka 7 hakuachwa nyuma na aliyetumia mwaka mmoja.

Kuhusu umri ulioanza, na wa mdogo wako: Shirika la Afya Duniani linaviweka vidonge hivi kwenye kundi la kwanza, yaani umri peke yake si kizuizi, tangu msichana avunje ungo hadi kabla ya miaka 40. Mayai hayagandi. Msichana huzaliwa nayo yote, na kila mwezi mengi hunyauka yenyewe, atumie vidonge asitumie. Na ile habari ya kuacha miezi miwili mitatu "kupumzisha kizazi" haina kazi yoyote zaidi ya kuleta mimba zisizopangwa.

Inayochelewesha kweli ni sindano ya miezi 3, na watu huichanganya na vidonge kila siku. Baada ya sindano ya mwisho, wastani wa kushika mimba ni kama miezi 10, na wengine huvuka mwaka. Hata hiyo inachelewesha tu, haifungi. Kama una shangazi aliyeacha uzazi wa mpango akakaa mwaka mzima bila mimba, muulize vizuri: zilikuwa vidonge au sindano?

Nirudi kwenye hiyo dozi, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Umesema alikushikisha kichuma kiganjani, kikiwa na waya kwenda kwenye kompyuta, na baada ya dakika moja zikatoka kurasa za magonjwa: homoni zimevurugika, mirija imeziba, kizazi kichafu. Dada, homoni hupimwa kwenye damu inayotolewa kwa sindano, kwa siku maalumu ya mzunguko. Hakuna kichuma kinachosoma mirija ya uzazi kupitia kiganja. Zile kurasa zinachapishwa hivyo hivyo kwa anayefuata kwenye foleni.

Na "kizazi kichafu" si ugonjwa. Kizazi hujisafisha kila mwezi, hedhi ndiyo usafi wenyewe. Najua atakupa nini, kwa sababu ni kile kile kila mahali: unga wa kunywa, na vile vidonge vya duara vilivyofungwa kitambaa cheupe chepesi chenye uzi, vya kuweka ukeni siku 3. Ukivitoa utaona mabonge ya kahawia na vipande kama ngozi laini, naye atakwambia tazama, uchafu huo. Mabonge ni dawa yenyewe iliyolowa. Vile vipande ni utando wa juu wa uke wako uliobabuka kwa kuungua. Pale ukeni kuna bakteria wazuri wanaotunza uchachu unaozuia wabaya, na ukiwaua, mlango unabaki wazi. Ndiyo maana wengi hurudi baada ya wiki wakilalamikia muwasho na harufu, wanaambiwa kizazi kilikuwa kichafu sana, waongeze dozi ya pili. Hasira yangu haiishi nikifikiria hilo. Mtu anakuunguza, kisha anakuuzia dawa ya kidonda alichokichoma yeye.

Mwizi halisi wa uzazi kwa mabinti wa umri wetu ni magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono. Kidonge hakikukingi nayo, kondomu ndiyo inakinga. Hapa ndipo uongo kuhusu vidonge ulipozaliwa: binti anakunywa vidonge miaka mingi, hatumii kondomu, anapata klamidia isiyo na dalili yoyote, na kwa wanawake wengi haina dalili. Inapanda taratibu hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Miaka inapita, anaolewa, mimba haiji, wote wanavilaumu vidonge. Mimi nililaumu vidonge miaka mitatu, kumbe shida ilikuwa kwenye mirija, na muda wote huo nilikuwa nanywa unga badala ya kupimwa.

Wataalamu wa Lund kule Sweden waliwafuatilia wanawake waliougua maambukizi ya nyonga. Waliougua mara moja, kama 8 kati ya 100 walipata tatizo la mirija. Mara mbili, kama 20. Mara tatu, 40. Ona kupanda kwake. Kila mwezi unaokaa na maambukizi huku ukinywa "dawa ya kizazi" unajisogeza kwenye namba kubwa. Dawa ya hospitali inaua vijidudu lakini haifuti kovu lililokwisha kujikaza, kwa hiyo muda ndio mali yenyewe.

Hivyo ukiwa na maumivu chini ya kitovu, maumivu wakati wa tendo, uchafu wa njano au wenye harufu, au damu katikati ya mwezi, nenda kituo cha afya useme wazi kwamba unataka kupimwa magonjwa ya zinaa. Usikubali kuandikiwa "UTI sugu" kila mwezi bila kipimo. Ikipatikana klamidia, wewe na mchumba mnatibiwa wakati mmoja na mnaacha kukutana siku 7. Akitibiwa mmoja, mwingine anamrudishia. Na mweleze daktari kama kipimo cha mimba kina mistari miwili, maana doksisaiklini, dawa ya kuua vijidudu inayotumika sana hapa, haipewi mjamzito.

Kuna mtego mwingine: altrasaundi. Watu wanatoka na karatasi ya altrasaundi wakisema mirija yangu iko sawa. Altrasaundi ya kawaida inaona kizazi na mifuko ya mayai, lakini mrija usiojaa maji hauuoni, achilia mbali kujua kama umeziba. Mirija hupimwa kwa HSG, picha ya eksirei inayopigwa huku dawa inayoonekana kwenye picha ikipitishwa mlango wa kizazi. Hufanywa siku ya 7 hadi ya 10 ukihesabu tangu damu ilipoanza, ikiwa imekauka na yai halijatoka. Inauma kama hedhi kali kwa dakika chache, basi. Lakini wewe hujafika huko, mtu wa miaka 23 mwenye wiki 7 haendi HSG. Chini ya miaka 35 unajaribu mwaka mzima, mkikutana kila siku 2 au 3. Ukivuka 35, miezi 6. Mtu akikuambia una tatizo la uzazi kabla ya hapo, na huna dalili yoyote, mwombe akuonyeshe kipimo.

Unaloweza kupima mapema ni hili: kama kipimo cha mimba hakina kitu na hedhi haijarudi ikitimia miezi 3, nenda ukachunguzwe homoni. Ulisema kabla ya vidonge hedhi ilikuwa inakuja baada ya siku 40, wakati mwingine 60. Hilo ni jambo kubwa, usilifiche kwa daktari. Vidonge vilikuwa vinakupangia damu kwa kalenda ya pakiti, na ulipoacha, mzunguko wako wa zamani umerudi ulivyokuwa. Inaweza kuwa yai halipevuki kila mwezi, hali inayoendana na vivimbe vidogo vingi kwenye mifuko ya mayai, na ina matibabu. Watakupima damu: prolaktini, yaani homoni ya maziwa, na homoni ya tezi la shingo. Usiidharau hiyo ya tezi. Nyanda zetu za Juu Kusini zilijulikana miaka mingi kwa rovu, ule uvimbe wa shingo, kwa sababu udongo wetu una madini joto kidogo, na bado kuna nyumba zinapikia chumvi ya kienyeji isiyotiwa madini hayo. Tezi likizembea, hedhi inavurugika na yai halitoki.

Na mchumba? Hakuna aliyemtaja. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanaume anahusika, peke yake au pamoja na mke. Mkifika kwenye kupima, yeye ndiye wa kwanza, kwa sababu kipimo chake ni rahisi na hakiumi. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu. Atoe kwenye chombo kikavu cha maabara, bila sabuni, bila mate, na si ndani ya kondomu ya dukani. Kifike maabara ndani ya saa moja. Kama ni Juni au Julai na mnatokea Uyole, akibebe ndani ya nguo, kwapani, asikiweke kwenye mfuko wa pikipiki. Baridi yetu inazifanya mbegu zilegee, na majibu yatasema hazikimbii wakati zilikuwa zinakimbia. Majibu yakiwa mabaya, arudie baada ya miezi 3 hivi, maana mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Mwanaume akikataa kupima, usikubali kuanza kunywa dawa kwa niaba yake.

Ile 185,000 itunze kwa hayo. Kinachofaa kumeza sasa hivi ni folik asidi ya mikrogramu 400 kila siku, uanze leo bila kusubiri ndoa, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki 4 za kwanza, kabla wengi hawajajua wana mimba. Omba kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nawe.

Onyo la mwisho, na hili halingoji Jumatatu. Kipimo kikionyesha mistari miwili, kisha ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au maumivu ya bega yasiyoeleweka, mimba inaweza kuwa imetunga kwenye mrija. Panda bajaji, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huo huo, usimpigie simu muuza dawa. Kama mistari ni miwili na uko salama, anza kliniki kabla ya wiki 12.

Nunua kipimo leo kabla maduka hayajafungwa. Kesho asubuhi ukishapima andika hapa ni mstari mmoja au miwili, nitakuwa naangalia.