Kinachomleta mtu kupanda mikoko sicho kinachomrudisha

Ndugu mleta uzi, umesema siku ya kwanza ya kusafisha ufuo mlifika watu 60, wiki ya tatu mkabaki wanne, na unauliza nini humfanya mtu ajitolee. Niko mwaka wa nane katika kikundi cha kupanda mikoko huku Kwale, pwani ya Kenya, na hayo yametukuta.

Kuja, mtu huja kwa lolote. Mama mmoja alichoka kuona dema za mumewe, mitego yake ya samaki, zinatoka tupu. Kijana alitaka cheti cha kuombea kazi. Mwingine alimfuata rafiki yake. Mimi nilimkumbuka marehemu babu, aliyenifundisha kuvua kaa humo mikokoni. Usimdharau wa cheti, kwetu ndiye katibu sasa. Kazi ni kumrudisha.

Sisi tuliponzwa na posho. Alikuja mfadhili akawa anamlipa kila anayefika. Tukajaa kweli, lakini vilihesabiwa vichwa, miche haikuhesabiwa. Mradi ulipokwisha, hata wale waliokuwa wakija bure tangu mwanzo wakaacha. Walishaiona ni kazi ya mtu. Liliniuma sana hilo, kwa sababu wao ndio walioanzisha kikundi.

Na kazi yenyewe ilipotea. Tuliambiwa tupande aina ile iitwayo mkoko wenyewe mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, maana pana nafasi. Mzee mmoja mvuvi akasema hapo ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, mkoko wenyewe hautakaa. Hakusikilizwa. Hayakupita mabamvua mawili, yale maji makubwa ya mwezi, bahari ikabeba yote. Mtu akishaona jasho lake linaelea namna ile, utamwita kwa lipi tena?

Tulianza upya watu 11, na safari hii mzee ndiye aliyetuongoza. Akatupeleka nyuma ya mililana, kwenye tope linalotulia. Mbegu ya mkoko ni ndefu na imechongoka kama kalamu: unaidunga ncha chini, kama theluthi yake, basi, huifukii. Kila mmoja alipewa mstari wake akaufunga kitambaa kwenye kijiti. Yule mama alichana leso yake kuukuu. Maji yakitoka tu utamwona ameinama mstarini kwake, anaondoa mwani na mifuko iliyonasa. Siku majani mawili ya kwanza yalipofunguka alimwita bintiye aje aone. Hajakosa siku hata moja tangu hapo, wala hajalipwa.

Sisemi pesa ni mbaya. Wenzetu wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na mapato yameingia kwenye maji na shule za vijiji vyao. Hiyo naiona tofauti kabisa na posho ya kufika, kwa kuwa faida inamfikia hata bibi asiyeweza kukanyaga tope.

Kwako wewe, gawa ufuo vipande, kila kipande kiwe na wenyewe. Takataka zipimwe kwa mizani kabla watu hawajaondoka, wasikie ni kilo ngapi. Wavuvi waulize uchafu unaletwa na upepo gani, kusi au kaskazi, na uwafuate wanavyosema. Lakini kabla ya kuita umati mwingine, kaa kwanza na hao wanne. Muulize kila mmoja angependa kuangalia kipande kipi.