Hilux ya kabureta inafurika petroli: pampu gani, presha ngapi?

SWALI: Fundi, salaam. Nina Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, mzee wangu aliniachia. Nabeba vitunguu kutoka Loitokitok hadi soko la Wakulima mara mbili kwa wiki. Kabureta ya asili ilichoka, tukaweka Weber 32/36. Mwaka huu pampu ya mafuta, ile inayokaa kwenye injini, imekufa mara mbili. Ya pili haikumaliza miezi minne. Kijana wa gereji akaniletea pampu ya umeme kutoka Grogan, kule kwa maduka ya vipuri, akaifunga karibu na betri, na ile paipu nyembamba ya kurudisha mafuta kwenye tanki akaiziba kwa bolti. Sasa asubuhi gari liko sawa, lakini likikaa kwenye jam linatoa moshi mweusi, petroli inanuka hadi ndani, na ukifungua boneti kabureta imelowa. Aliongeza regyuleta ya kupunguza presha, ya kung'aa, yenye namba 1 hadi 5, akaiweka kwenye 2, na hakuna kilichobadilika. Sasa ananiambia ninunue kabureta nyingine. Ni kabureta kweli? Na ninunue nini ili nisirudi Grogan kila mwezi? — Mama wa vitunguu, Embakasi

JIBU: Pole Mama. Pesa ya kabureta usiitoe bado. Kwanza chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama na hakuna aliyeiongeza, gari lisiwashwe mpaka oili na filta yake zibadilishwe. Petroli inayofurika huteremka kwenye silinda, hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili huwa nyepesi kama maji. 22R ni injini ngumu kufa, ila beringi zake haziwezi kuishi kwa oili ya namna hiyo.

Sasa tuje kwa pampu. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina hakika umeuziwa pampu ya gari la injekta, lisilotumia kabureta. Pale dukani huisifu kuwa "ile ya nguvu", na kweli ina nguvu: imeundwa kutoa psi 40 hivi (psi ni kipimo cha presha), na ukiizibia njia ya mbele hupanda zaidi ya hapo. Weber yako haitaki kuzidi psi 3.5. Mimi huziweka kwenye 3.

Ndani ya kabureta kuna kibakuli cha mafuta, boya, na sindano. Mafuta yakijaa, boya linapanda na kuisukuma sindano izibe tundu. Chukua tundu la upana wa milimita 2. Kwa psi 3, mafuta yanaisukuma sindano kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 6 au 7. Kwa psi 40, nguvu hiyo inafika karibu gramu 90. Boya ni kitu chepesi chenye hewa ndani. Halina ubavu wa kushindana na gramu 90, hata kabureta ikiwa imetoka kwenye boksi jana. Kwa hiyo ukinunua nyingine italowa vilevile. Asubuhi huoni shida kwa sababu unakwenda na injini inayanywa mafuta mengi. Kwenye jam injini inanywa kidogo, pampu haipunguzi, na yanayobaki lazima yatafute pa kutokea.

Ile regyuleta ya kung'aa nayo usiilaumu sana. Imetengenezewa pampu ndogo, na namba zake ni alama za kuzungushia tu, si kipimo. Ukiisukumia psi 40 upande mmoja, mafuta hupenya hadi upande wa pili. Kosa linalonisumbua zaidi ni ile bolti kwenye paipu ya kurudisha. Pampu ya asili ya 22R ina midomo mitatu: wa kuingiza, wa kwenda kabureta, na wa kurudisha tanki. Toyota hawakuuweka huo wa tatu kwa urembo. Mafuta yanayozunguka na kurudi hayakai chini ya boneti yakachemka, na presha inayozidi inapata pa kwenda.

Hapa Nairobi jambo hilo lina uzito wa pekee. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa iko chini kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Petroli huchemka mapema zaidi. Hata hivyo lawama si za Nairobi peke yake; kule chini njia ya Emali joto lenyewe linatosha. Na pampu ikikaa mbele karibu na betri inalazimika kuvuta mafuta kutoka tanki lililo nyuma ya gari. Pampu nyingi za umeme husukuma vizuri na kuvuta vibaya. Zikivuta kwa nguvu presha ndani ya mpira hushuka, petroli hugeuka mvuke, na unasikia pampu ikilia kwa sauti kubwa huku gari likizima mlimani. Watu husema gari "limeingia hewa". Si hewa, ni petroli yenyewe.

Njia rahisi kabisa ni kurudi kwa pampu ya injini, ila ya kampuni inayojulikana, siyo ile ya bei ya kutupwa. Haitaki waya wala relei, na presha yake inaielewa kabureta. Ningekuwa mimi, ningeanza na hiyo. Ila najua umeshachoka nayo, kwa hiyo hii ndiyo ya umeme, ikifungwa ipasavyo.

Tafuta pampu ya gari la kabureta inayotoa psi 3 hadi 4 na angalau lita moja kwa dakika. Usidanganywe kwamba kubwa ndiyo bora. Injini yako ina nguvu farasi takriban 100, na hata ukiikanyaga hadi mwisho haifiki nusu ya hiyo lita 60 kwa saa, au ikifika ni kwa shida. Ifungwe nyuma kwenye chesisi, karibu na tanki, usawa wa chini ya tanki au chini zaidi, mbali na eksozi, na ikalie mipira ili isitetemeshe bodi. Kabla ya pampu weka filta ya matundu makubwa ya kuzuia kutu na mchanga. Filta laini ikae baada ya pampu. Ukiiweka laini mbele ya mdomo wa kuvutia, unarudi kwenye ule mvuke.

Kutoka pampu hadi mbele tumia paipu ya chuma ya milimita 8, ile ya asili ikiwa haijaoza. Usikubali paipu ya shaba. Inapindika kwa urahisi, ndiyo maana mafundi wanaipenda, lakini ikitetemeshwa na barabara huwa ngumu na kupasuka. Na ile mipira ya plastiki inayoonyesha mafuta ndani, kama ya tangi la samaki, hata kwa dharura nisingeiweka karibu na injini. Mwenyewe niliwahi kuiweka kwenye pikapu yangu miaka ya nyuma, "kwa siku mbili tu". Petroli na joto viliikausha ikateleza kwenye klipu nikiwa Waiyaki Way, na kilichoniokoa ni kwamba eksozi ilikuwa upande wa pili. Mpira wa mafuta halisi umeandikwa ubavuni SAE J30 R7. R9 ni wa injekta, unaweza kuutumia pia, bei ndiyo iko juu. Kata vipande vifupi tu vya kuunganisha. Paipu inapopita kwenye bati lazima kuwe na mpira wa kulinda tundu, na ishikwe kwenye chesisi kila nusu mita.

Mbele, regyuleta ya psi 1 hadi 4 ikae karibu na kabureta lakini si juu ya eksozi. Baada yake weka kiungo cha T: njia moja kwenda kabureta, nyingine kwenye ile paipu ya kurudisha, ikiwa na kizuizi chenye tundu la milimita 1 hivi. Usipoweka kizuizi, mafuta yote yatarudi nyuma na kabureta itakaa na njaa. Na ile bolti itolewe leo.

Kisha mwambie kijana apime, asikadirie. Geji ya psi 0 hadi 15 iungwe kati ya regyuleta na kabureta, injini ikiwa imewashwa. Geji ya 0 hadi 100 haitakuonyesha tofauti ya 2 na 4. Mshale unatikisika tu. Aweke 3, akanyage mafuta kidogo, aangalie kama mshale haushuki sana. Kwa wingi: atoe mpira wa kabureta, aelekeze kwenye kopo la chuma mbali na injini, na pampu ijaze angalau nusu lita kwa sekunde 30. Afanye hivyo nje, pasiwe na sigara wala jiko jirani, na kizima moto kiwe mkononi, siyo ofisini.

Umeme wa pampu upite kwenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi, na usiungwe kwenye swichi ya ufunguo peke yake. Ukigongwa injini ikazima lakini ufunguo ukabaki wazi, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya chuma cha moto. Weka swichi ya presha ya oili au ile ya mgongano, ili injini ikizima pampu nayo izime. Watu wengi hupaona hapa kuwa pa kuokoa pesa, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Na pale ilipotoka pampu ya zamani, kwenye kichwa cha injini, hakikisha kuna bamba na gasketi nzuri, la sivyo oili itavuja upande mzima. Ukifungua kifuniko cha tanki na kusikia kama kinavuta hewa kwa nguvu, badilisha kifuniko kwanza kabla ya kulaumu pampu mpya.

Ikiwa geji inasema 3 na kabureta bado inalowa, hapo ndipo mfungue kabureta, mkaangalie sindano imechakaa au uchafu umekaa chini yake, na boya kama limeingiwa na petroli. Litikise sikioni, likitoa sauti ya maji, limekwisha. Moshi mweusi ukibaki kidogo hata baada ya hayo yote, jeti, vile vitundu vinavyopima mafuta ndani ya kabureta, zinaweza kuwa kubwa kwa hewa yetu ya huku juu, na hilo ni suala la jeti, siyo la pampu.