Likeni za rangi ya chungwa kwenye miti ya barabarani: je, hewa ni safi?

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Naishi London. Shuleni nilifundishwa kwamba likeni hazioti penye hewa chafu, lakini miti ya mtaani kwetu, ambako magari hayakatiki mchana kutwa, imejaa madoa ya rangi ya chungwa. Je, hewa imekuwa safi? Na ninaweza kuipima mwenyewe?

Jibu: Ulichofundishwa ni kweli, ila kinahusu moshi wa makaa ya mawe. Likeni ni kuvu na mwani walioungana wakawa kiumbe kimoja, ndiyo maana wengine huiita kuvumwani. Haina mizizi wala utando wa nta kama jani. Hunyonya maji na virutubisho kwa mwili mzima. Salfa dioksidi, gesi iliyomo katika moshi huo wa makaa, ikiyeyuka katika unyevu huo huharibu klorofili ya mwani na kudhoofisha utando wa seli hadi potasiamu ikavuja. Likeni iliyolowa ndiyo huumia zaidi, kwani ikikauka shughuli zake karibu zote husimama.

Mwaka 1970 wanasayansi Hawksworth na Rose walitoa ngazi ya 0 hadi 10 ya kukadiria uchafu wa hewa kwa kutazama likeni, kwa Uingereza: wastani wa salfa dioksidi wakati wa baridi ukizidi mikrogramu 170 kwa mita ya ujazo, gome hubaki na mwani mtupu. Ngazi hiyo usiitumie leo. Salfa imepungua mno, na kinachotawala sasa ni naitrojeni: oksidi zake kutoka kwenye injini, na amonia kutoka kwenye samadi na hata kwenye masega ya ekzosi (vifaa vya kusafisha moshi) za magari ya petroli. Amonia hupunguza asidi ya gome, na hapo *Xanthoria parietina*, hiyo ya rangi ya chungwa, hustawi. *Usnea*, zile zinazoning'inia kama ndevu, huanza kudhurika wastani wa amonia kwa mwaka ukipita mikrogramu 1 tu kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo madoa yako yanaonyesha kwamba salfa imeondoka. Hayaonyeshi kwamba hewa ni safi.

Lakini kwanza hakikisha ni *Xanthoria* kweli. *Trentepohlia* ni mwani wa rangi hiyohiyo, lakini umekaa kama vumbi au manyoya mafupi, bila vijani. Dondoshea tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 10: *Xanthoria* hugeuka zambarau papo hapo, mwani haugeuki. Vaa glavu na miwani, dawa hiyo huunguza.

Kupima, chagua miti ya aina moja, angalau 6 kando ya barabara na 6 ndani ya bustani kubwa. Usichanganye aina, maana gome la mwaloni lina asidi zaidi kuliko la mti wa *Fraxinus* (kwa Kiingereza ash), na tofauti hiyo pekee yatosha kukupotosha. Miti ya *Platanus* (kwa Kiingereza plane), ambayo imejaa London, iache: hubambua gome lake, likeni zikaondoka nalo. Ruka pia mti ulioinama sana au unaotoa utomvu kwenye jeraha.

Tengeneza fremu ya waya yenye miraba 5 ya sentimita 10 kwa 10, iliyopangwa kama ngazi. Iweke kaskazini, mashariki, kusini na magharibi ya shina, ukingo wa chini ukiwa mita 1 kutoka ardhini (chini ya hapo utakuwa unapima mikojo ya mbwa). Kwa lenzi ya kukuza mara 10, andika kila spishi imeonekana katika miraba mingapi. Kwa mti mmoja, spishi moja haizidi miraba 20. Jumlisha wapenda naitrojeni, kama *Xanthoria* na *Physcia adscendens*, kando na wapenda asidi, kama *Usnea* na *Evernia prunastri*, kisha linganisha wastani wa barabarani na wa bustanini. Kundi la kwanza likiongezeka kadiri unavyoikaribia barabara, magari ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Ukiona chembechembe za waridi juu ya *Physcia*, huo ni ukungu unaoila, si moshi wa gari. Kingo zilizopauka, hasa kwa spishi nyingi kwa pamoja, zina uzito zaidi. Rudia miti ileile baada ya miaka 2 au 3. Kabla ya hapo huenda usione kitu, kwa kuwa likeni nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka.